Gari Bado Ni Mbichi

"Huu mkono ni wa nani, Eucabeth? Niambie mbele ya watu. Huu mkono ni wa nani?"

Chepngeno hakupiga hodi. Alisimama mlangoni pa jirani yake na shuka begani, ndara moja ya bluu na nyingine ya kijani, kidole amekielekeza nyuma, uani, kwenye gari jeusi la marehemu mumewe. Na nyuma yake ploti nzima ilikuwa imeshatoka, kila mtu na kisingizio chake: huyu ameshika ndoo tupu, yule ana mswaki mdomoni na povu limemkaukia kidevuni.

"Mama Jepleting, ingia kwanza," Eucabeth alisema. "Chai iko kwa jiko. Tuongee tukiwa tumeketi."

"Sitaki chai yako! Mteja ameenda. Kihara wa watu ametoka Longonot giza bado, amefika hapa na pesa yake, ameangalia boneti, akanirudishia ufunguo kama ameshika kaa la moto. Mwanaume mzima na tumbo lake, ametembea kinyumenyume mpaka kwa geti! Mumeo amefanyia gari ya Kipketer nini?"

Ogola alitokea nyuma ya mkewe akivaa ovaroli yake ya kazi, mkono mmoja umeingia, mwingine bado. "Mama Jep, hiyo gari sijaigusa tangu Aprili. Tangu ile siku mzee mwenyewe aliniletea niipake dawa."

"Si ndiyo hiyo nasema! Wewe ndiye wa mwisho. Ulipaka gari ama ulimpaka yeye?"

"Na mkono uko na vidole vinne na nusu," Truphosa wa nyumba namba tatu alisema kutoka pale bombani, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. "Mimi sisemi kitu. Nimehesabu tu."

Hapo hata mwenye mswaki akautoa mdomoni. Kipketer alikuwa mtu wa vidole tisa na nusu. Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ilimla nusu ya kidole cha pete, mkono wa kulia, kule kwao Olenguruone akiwa kijana, na hakuna mtu katika ploti hiyo ambaye hakuwahi kusalimiana na lile pengo. Na Kipketer alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita.

Wakaenda kuangalia. Ukungu wa kutoka ziwani ulikuwa umelalia mtaa wa Section 58 tangu alfajiri, mzito, wa kuonja mdomoni. Gari lilikuwa chini ya turubai tangu mazishi. Chepngeno alilifunua jana yake jioni ili mteja alikute safi. Sasa unyevu ulikuwa umelikalia lote kwa matone madogo ya duara, kila moja limesimama peke yake, namna maji yanavyosimama juu ya rangi iliyopakwa dawa ikashika. Kote isipokuwa mahali pamoja. Kwenye boneti, upande wa dereva, maji hayakusimama. Yalilala, yakatandaa, yakachora kiganja kizima na vidole vyake, na kile cha nusu. Vidole vilielekea kwenye kioo, kama mtu aliyesimama mbele ya gari akalizuia lisitoke. Na kutoka kwenye kiganja, maji yalichuruzika kidogo kidogo.

"Unatoka jasho," mtu akanong'ona.

Chepngeno aliufuta kwa shuka. Ukaenda. Wakasimama hapo, watu kumi na kitu, wakitazama ukungu ukirudi kukaa juu ya chuma: tone moja, matone mawili, matone mengi, na kisha, kidole baada ya kidole, mkono ukarudi mahali pake.

Saa tatu jua lilipenya ukungu, gari likakauka, na mkono ukatoweka kama umerudishwa mfukoni. Hiyo ndiyo iliyowatisha watu zaidi. Kitu kinachokaa unaweza kukizoea.

Ogola hakuwa muosha magari, na ukimwita hivyo alikuwa anakununia hadi jioni. Kuosha ni maji na sabuni, alisema. Yeye analinda rangi. Miezi ya mvua Nakuru hewa yenyewe ni maji, inaingia kwenye rangi kama inavyoingia kwenye unga ulioachwa wazi, na gari lisilopakwa kitu huanza kufifia paa, kisha boneti, halafu siku moja unakuta kutu inachungulia chini ya mlango. Kwa hivyo alikuwa na masharti kama daktari. Hakupaka asubuhi, hakupaka jioni. Ilikuwa ni kati ya saa tano na saa tisa, hewa ikikauka kidogo, chini ya kibanda cha mabati alichojijengea kando ya ukuta. Kabla ya kupaka aliinama akaihemea rangi, haa, kama mtu anayesafisha miwani. Pumzi ikipotea upesi, rangi imekauka, kazi ianze. Ikikawia, bado kuna unyevu, ngoja. Na akishapaka, gari halishikwi na mtu mpaka kesho yake.

"Sasa hivi bado ni mbichi," aliwaambia wenye magari. "Ukigusa umetoa dawa, na hapo ulipogusa maji yamepata mlango."

Kesho yake, Jumapili saa saba mchana, jua likiwaka, nusu ya ploti iko kanisani na nusu imelala, Eucabeth alimwona mumewe kupitia dirishani akiliendea lile gari peke yake. Alisimama kwa muda akikunja kitambaa na kukikunjua. Boneti ilikuwa kavu, inang'aa, haina doa. Akainama. Haa.

Mkono ukainuka.

Ulitoka mweupe kutoka ndani ya ule weusi, ukakaa muda wa pumzi moja, ukazama. Ogola hakuhema mara ya pili. Alirudi ndani akaketi kitandani na viatu.

"Nilipaka vizuri," alisema. "Hiyo boneti niliipaka mara mbili, Eucabeth. Hakuna mahali niliruka. Niliiacha kama kioo nikaenda kununua vitambaa, nikarudi, gari ikalala, Ijumaa asubuhi mzee akaichukua. Jumapili tukasikia hayuko. Sasa ni nani angegusa? Si ulikuwa hapo ukichunga?"

"Nilikuwa hapo."

"Ulitoka kidogo?"

"Sikutoka."

"Na hukuona mtu akigusa."

Eucabeth alifunua sufuria ambayo haikuwa na haja ya kufunuliwa. "Sikuona mtu," alisema.

Alimwona. Alimpa hata maji ya kunywa. Na alimwahidi kunyamaza, yeye Eucabeth, mwanamke ambaye watu wa ploti walikuwa wakisema akimeza habari zinamkwama kooni. Lakini si ahadi iliyomfunga mdomo sasa. Ahadi kwa mtu aliye kaburini angeivunja tu, angemwomba Mungu radhi, maisha yaendelee. Kilichomfunga ni hesabu ya siku. Alikuwa amejua Kipketer ni mgonjwa siku mbili nzima kabla ya kifo, na mke wa mgonjwa alikuwa anaishi hatua kumi na mbili kutoka mlangoni pake.

Nyumba ya Eucabeth haikuwa na makochi ya kujivunia, lakini ilikuwa na stuli tano na birika ambalo halikuwahi kupoa. Wanawake waliingia bila kuitwa, wakasukana nywele, wakachambua watu na mboga. Alipenda kelele hizo kuliko redio. Sasa stuli zikabaki zimepangana kama za mangojeo ya hospitali.

Jumatatu alikuta chujio kwenye kizingiti. Lilikuwa lake, Truphosa aliliazima mwaka jana na Eucabeth alikuwa ameshalisahau. Limeoshwa, limekaushwa, limewekwa chini bila hodi. Alilishika mkononi akalia, na ndipo alipoelewa mambo yamefika wapi, maana Truphosa hajawahi kurudisha kitu cha mtu.

Jumanne dereva wa teksi aliyekuwa akileta gari lake kila mwezi alisimama nje ya geti bila kuzima injini. "Boss, leo niko mbio. Nitapitia wiki ijayo." Jioni Ogola alilipita hilo gari likisuguliwa kwa sabuni ya nguo kule barabarani. Kisha simu ya mwenye ploti ikaingia. Ogola aliiweka sauti ya nje ili mkewe asikie, au labda ili asisikie peke yake.

"Sina shida na wewe, Ogola, wewe unalipa vizuri. Lakini wapangaji wananipigia simu kutoka asubuhi. Hayo mabati yako, mwisho wa mwezi, yatoe. Na kama unaweza kupata nyumba pengine, pia si vibaya."

"Mzee, ni gari tu."

"Basi gari tu limefanya nipigiwe simu kumi na saba."

Jumatano alasiri Truphosa alileta kikundi chake cha maombi. Walilizunguka gari wakiimba, wakalipaka mafuta ya kupikia yaliyoombewa, milango, paa, taa, boneti, Ogola akitazama mlangoni kama mtu anayeona mtoto wake akinyolewa kwa kisu cha jikoni.

"Mafuta ya kupikia!" alimnong'oneza mkewe. "Juu ya rangi nyeusi! Kesho jua likitoka itakaanga!"

"Nyamaza, wanaomba."

"Waombe bila kukaanga."

Lakini mahali penyewe, pale kwenye boneti upande wa dereva, hakuna mkono wa mwombaji uliothubutu kupafikia. Walipaka kuzunguka. Na usiku huo ukungu ulipotua juu ya yale mafuta, matone yakasimama manene kila mahali, na katikati yake mkono ukawa wazi kuliko siku zote. Mistari ya kiganja ilionekana.

Alhamisi kulipokuwa kunaanza kupambazuka, Eucabeth alitoka na ndoo kabla wengine hawajaamka. Siku hizo alichota maji mapema asikutane na mtu. Ukungu ulikuwa umemeza geti, umemeza ukuta. Alisikia kabla ya kuona: kitu kinakwaruza, kinasimama, kinakwaruza tena.

Chepngeno alikuwa amepiga goti moja mbele ya gari. Mkononi alikuwa na waya wa kusugulia sufuria.

"Mama Jep! Usisugue na hiyo! Itakwangua rangi mpaka bati!"

"Ikwangue." Hakugeuka. "Jepleting amenipigia kutoka chuo. Ananiuliza, mama, ni kweli baba amerudi? Mtoto ako na mitihani. Nimwambie nini? Gari ndiyo karo yake, na Kihara amesema mkono ukitoka atanunua. Basi nitautoa."

"Ni mkono wake," Eucabeth alisema.

"Najua ni wake! Umenishika miaka ishirini na miwili, ndio wewe unionyeshe?"

"Aliuweka mwenyewe. Akiwa mzima. Ile Alhamisi."

Waya ukasimama.

Eucabeth alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, yeye ambaye kwa kawaida alijua kupanga habari kama vitumbua kwenye sinia. Ogola alikuwa ameenda kununua vitambaa. Yeye ameachwa kwenye stuli achunge gari, anachambua mboga. Kipketer akaingia getini kwa miguu, polepole, kama amebeba gunia ambalo halionekani. Akafika kwa gari, akaweka mkono wa kulia kwenye boneti akaegemea. Mkono mwingine ulikuwa kifuani.

"Nilitaka kumwambia, Baba Jepleting, gari bado ni mbichi. Maneno yalikuwa hapa." Aligusa koo. "Lakini unamwambiaje mwenye gari atoe mkono kwa gari yake? Mtu mzima hivyo. Na vile alikuwa anapumua. Nikaona aibu."

"Aliegemea kwa muda gani?"

"Nilimaliza fungu moja la mboga. Nikaanza la pili."

"Alikuwa anatoka jasho?"

"Sana."

Chepngeno alikuwa bado amepiga goti, uso kwa uso na boneti. "Alisema nini?"

"Alisema ni gesi. Ati nyama alikula mjini. Akaniomba maji."

"Ulimpa ya baridi?"

"Ya vuguvugu."

"Vizuri. Baridi ilikuwa inamuumiza meno." Alisema hivyo kwa upole kabisa, na upole huo ulimwogopesha Eucabeth kuliko zile kelele za mlangoni pake. "Halafu?"

"Halafu akaniambia, usimwambie mama ya Jepleting, atanipeleka hospitali na kesho niko na safari. Akacheka. Akasema Ogola akikuta mkono wake hapo atamchapa. Akapangusa na shati. Na mimi nikapangusa na kitambaa akishaingia kwenu, ndio mume wangu, Baba Maxwel, asijue nilichunga vibaya. Kwa jua lile hakukuonekana kitu. Nikafikiri umeisha."

Ukungu ulikuwa unasogea kati yao. Juu ya boneti, tone moja lilijaa kwenye ncha ya kile kidole cha nusu, likakatika, likateleza.

"Alhamisi," Chepngeno alisema. "Alianguka Jumamosi jioni akivua viatu. Kwa hivyo ulikuwa na Alhamisi jioni. Ijumaa yote. Jumamosi mpaka jioni."

"Mama Jep..."

"Nikinunua sufuria mpya, kabla haijapata moto, watu wote mpaka kwa geti wanajua bei. Mtoto wangu alipofeli hesabu, niliambiwa na muuza maziwa. Huo mdomo wako haujawahi kulala, Eucabeth. Hata siku moja. Na hizo siku mbili ndizo uliamua kuulaza."

"Aliniomba," Eucabeth alisema, na neno likatoka dogo sana, likaangukia hapo hapo.

Chepngeno aliinuka. Aliuacha waya ukaanguka kwenye matope, akaingia kwake, na komeo likalia mara mbili.

Ogola hakumgombeza, na heri angemgombeza. Alisikiliza yote akiwa amekaa kwenye stuli, kisha akasema tu, "Ungeniambia siku hiyo hiyo, ningeitoa kwa dakika tano." Akatoka akaenda kutazama mabati yake.

Saa nne, bomba likiwa limejaa watu, Eucabeth alikwenda bila ndoo. Hakuwa na la kuchota.

"Nataka mnisikie," alisema. "Huo mkono Kipketer aliuweka akiwa hai, dawa ikiwa bado mbichi, na mimi ndiye nilikuwa nachunga. Alikuwa mgonjwa. Nilimwona. Aliniambia ninyamaze. Mume wangu hana kosa, hajui kitu, na hajaroga mtu."

"Na ukanyamaza?" Truphosa aliuliza.

"Nikanyamaza."

Truphosa alifungua mdomo. Ndoo yake ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha ndara. Mmoja mmoja walibeba maji wakaenda. Woga ulikuwa umetoka katika ploti, hilo lilionekana hata kwa watoto, ambao mchana huo walirudi kucheza karibu na gari. Lakini kilichokuja mahali pake kilikuwa na uzito wake. Watu hawakumwogopa Eucabeth tena. Walimtazama.

Mlango wa Chepngeno haukufunguliwa siku nzima.

Ijumaa ukungu ulikuwepo tena. Eucabeth alisogeza pazia kwa kidole kimoja, akamwona jirani yake amesimama mbele ya gari na ile shuka begani, mgongo umeinama. Alidhani anaufuta. Haikuwa hivyo. Chepngeno alikuwa ameweka kiganja chake ndani ya kile kiganja, kidole juu ya kidole, na ameegemea kwa uzito wake wote, macho yamefungwa. Alikaa hivyo. Ndege wa kwanza wakalia, taa ya jirani ikawaka, ikazimwa, bado alikuwa hivyo. Eucabeth aliachilia pazia kwa taratibu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Kisha hodi ikapigwa. "Baba Maxwel," Chepngeno alisema kupitia mlangoni, bila kumtazama Eucabeth. "Kuja uutoe."

"Kutoa ni saa hii, hakuna shida," Ogola alisema akivaa viatu harakaharaka. "Lakini kupaka upya ni lazima tungoje saa tano. Na Kihara asiichukue leo. Ikae mpaka kesho."

"Nimemwambia kesho."

Alikuja na chupa ya spiriti na vitambaa vitatu. Kwanza aliyaosha yale mafuta ya maombi kwenye boneti, akaikausha, akanyoosha mkono kupapasa mahali penyewe. Akaurudisha kwa ghafula.

"Eucabeth." Aliita bila kugeuka. "Hii gari yote ni baridi kama mawe ya mto. Nimeimwagia maji sasa hivi. Hapa kuna joto."

Chepngeno alimtazama Eucabeth. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jana macho yao kukutana. Eucabeth alijua ni mkono wa nani uliopasha chuma hicho moto. Alikuwa na maneno yote, kuanzia pazia hadi ndege. Lakini maji yalikuwa yamepita hapo, na kitambaa kikavu kikafuata, na hakuwa na hakika ni joto la namna gani linalovumilia yote hayo.

"Endelea na kazi," alimwambia mumewe.

"Ngoja," Chepngeno alisema. Aliinama, akaihemea boneti kama alivyomwona Ogola akihemea siku zote. Haa. Mkono ukainuka mweupe, wote, na ile nusu. Aliutazama mpaka ulipozama. "Sasa toa."

Ogola alilowesha kitambaa. Hazikufika hata dakika tano. Alipomaliza alisogea kando, na Chepngeno akainama tena. Haa. Pumzi ilitandaa juu ya weusi, nyeupe, sawasawa, haina kitu. Akahema tena. Akahema mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, karibu sana, midomo inakaribia kugusa rangi. Ogola aliangalia viatu vyake.

Saa tano ilipofika alipaka, mara mbili, kwa mizunguko midogo, bila kuimba kama alivyozoea. "Mtu achunge," alisema alipokuwa akifunga kopo, kisha akakumbuka.

"Mimi," Eucabeth alisema. Alileta stuli akaiweka pale pale ilipokuwa Aprili.

Alikaa peke yake kwenye kivuli cha mabati. Hakuwa na mboga ya kuchambua. Watu walipita wakiliepa gari kwa heshima. Harufu ya ugali ulioshika sufuria ikaanza kutoka kwa Chepngeno, na mboga ya kienyeji, na ule uchachu wa maziwa ya mursik kibuyu kinapofunguliwa. Mlango ukafunguka. Chepngeno alitoka akipangusa mikono kwenye leso, akatembea hadi kwenye gari, mwenye uchovu wa mtu ambaye hajalala wiki nzima. Akasimama mbele ya boneti. Akaangalia pale ambapo hapakuwa na kitu. Na bila haraka, kama mtu anayekwenda kuegemea ukuta wa nyumba yake, akainua kiganja.

Maneno yalikuja yakasimama kooni pale pale yalipokuwa yamesimama siku ile. Gari ni lake. Marehemu ni wake. Utamwambiaje.

"Mama Jepleting," Eucabeth alisema, na akasikia sauti yake ikiwa kubwa kuliko alivyotaka, ikigonga ukuta wa ploti na kurudi. "Gari bado ni mbichi. Toa mkono."

Kiganja kilibaki hewani, upana wa kidole kutoka kwenye rangi. Ndani ya weusi, kama kwenye kioo, kiganja kingine kilikuwa kimeinuka kukilaki, cha vidole vitano kamili. Chepngeno alivitazama. Kisha akauteremsha mkono, taratibu, akauficha ndani ya leso.

"Kumbe unaweza kusema," alisema.

"Truphosa!" Chepngeno alipaza sauti bila kugeuka, na pazia la namba tatu likatikisika. "Najua uko hapo. Kuja uchunge gari. Na usihesabu kitu."

Alirudi hadi kwenye kizingiti chake, akasimama, akashikilia mlango kwa mgongo ili usijifunge. Ndani, mezani, mvuke ulikuwa unapanda, na kioo cha dirisha kilikuwa kimeshaanza kufunga ukungu.

"Kiti ni kile cha dirishani," alisema. "Hakijakaliwa na mtu tangu Aprili, na mimi siwezi kukitazama kikiwa tupu tena leo. Nawa mikono, Eucabeth. Ingia tule."